Kodi ya njia ya ndovu

Kaskazi ikishika na mvua za vuli zikiwa zimenyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi. Ukisimama gatini asubuhi unaona maji kama chai ya maziwa iliyolala kwenye birika tangu jana. Watalii wanakunja uso, wenye hoteli wanajieleza. Wavuvi hawajielezi, wanasema tu Sabaki imeshuka. Mlango wa mto uko kaskazini ya mji, kwa hiyo wakati wa kusi tope husukumwa huko Mambrui, na kaskazi ikianza linaturudia sisi, linalala juu ya matumbawe ya ile hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968.

Tope hilo limesafiri kuliko mtalii yeyote. Athi inatoka upande wa Nairobi, inapita Ukambani, inakutana na mto Tsavo, na kuanzia hapo watu wanauita Galana. Ukikaribia pwani jina linabadilika tena, unakuwa Sabaki. Mto mmoja majina matatu, na sehemu kubwa ya safari yake ni nchi kavu ambayo mvua yake ya mwaka haifiki hata nusu ya ile inayotunyeshea hapa mjini. Ndovu wa mbuga ya Tsavo Mashariki wanaishi kwa mto huo wakati wa kiangazi. Sisi tunaishi kwa mto huo mwaka mzima: maji ya bomba ya Malindi, ya Kilifi na sehemu ya yale ya Mombasa yanavutwa kwenye visima vya Baricho, vilivyochimbwa katika mchanga wa Sabaki. Mtu wa mtaa wetu wa Shela anayefungua mfereji wake asubuhi na ndovu anayeshuka Galana jioni wanachota mtungi mmoja.

(Naandika ndovu makusudi. Huku kwetu tembo ni kile anachoshuka nacho mgema.)

Nimeanza mbali kwa sababu mjini hapa Tsavo tumeifanya kitu cha watalii. Gari linapita hotelini kuwachukua kabla ya alfajiri, linashika njia ya Ganda, Kakoneni, Langobaya, Chakama, mpaka lango la Sala, zaidi ya kilomita mia moja, na jioni linawarudisha wageni wamepauka vumbi jekundu. Ada ya kuingia inalipwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo hata shilingi haianguki langoni. Mtu wa njiani anachopata ni vumbi, na mwenye bahati anauza dafu mbili. Halafu akiingiliwa na ndovu usiku tunashangaa kwa nini hana mapenzi na wanyama.

Kuna mama mmoja nilimkuta ng'ambo ya Langobaya, amekaa chini ya dungu lake. Wasiolima: dungu ni ule ulingo wa miti ambao mtu hupanda juu yake kuamia ndege mchana na kulinda nguruwe usiku. Lilikuwa limeinama upande mmoja, nguzo imetikiswa. Shamba lilikuwa la mahindi yaliyochanganywa na pojo. Katikati kulikuwa na njia, kama mtu amepitisha trekta mara moja na kuondoka. Nyayo zilikuwa kubwa kama sinia la pilau, na ndani ya nyayo moja maji ya mvua yalikuwa yamesimama na vyura wameanza kazi yao. Tangi la maji la plastiki, lile jeusi, lilikuwa limelala ubavu, limepasuka.

"Waliingia saa ngapi, mama?"

"Saa nane. Walikuwa watatu. Hawakula sana mwanangu, walipita tu."

"Wanapita kwenda wapi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa bahari iko wapi. "Mtoni."

Nikamuuliza, kwa ujinga wangu wa mjini, kama alijua kuwa hiyo ni njia yao wakati analima. "Nilijua. Hata baba yangu alijua. Basi ningelima wapi?" Kuhusu fomu ya fidia alisema aliwahi kujaza moja, miaka iliyopita. Nauli ya kwenda na kurudi kufuatilia ilimaliza kuku wawili, na jibu hadi leo halijarudi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakusanya pojo zilizomwagika, punje kwa punje, anazitia kwenye kibati.

Nililoondoka nalo pale ni hilo neno walipita. Tunapohesabu hasara tunaandika ekari zilizoliwa, lakini mara nyingi ndovu hakuja kula. Alikuwa safarini. Kinachogombaniwa kati ya mama yule na wale watatu ni njia.

Tsavo ilitangazwa hifadhi mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Zote mbili pamoja ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Wakoloni walichagua nchi ambayo wao waliiona haina mwenyewe: kavu, miiba, mbung'o. Wakachora mstari. Ila katika nchi kavu mvua haijui mstari. Inanyesha hapa wiki hii, mwendo wa siku mbili kutoka hapa hainyeshi kabisa, na mwaka wa pili inageuza. Kila kiumbe anayeishi huko, awe pundamilia au Muorma na ng'ombe wake, ameponea kwa jambo moja tu, nalo ni kuhama. Ukimnyima kuhama hujamhifadhi, umemfunga.

Ushahidi tunao tangu zamani. Mvua zilikosa mwaka 1970, na 1971 zikakosa tena. Ndovu kama 6,000 walikufa Tsavo. Wengi hawakufa kwa kiu, maana Galana ilikuwa inatiririka. Walikufa kwa njaa kando ya maji. Jike mwenye mtoto mchanga hawezi kuliacha maji siku nyingi, kwa hiyo majike walibaki karibu na mto wakala kila kilichoota katika mwendo walioweza kurudi. Kilipokwisha, wakaanza kuanguka, wao na watoto. Madume waliokuwa na miguu ya kwenda mbali walipona wengi. Mibuyu iliraruliwa shina mpaka ikabaki kama meza iliyotafunwa na mchwa, kwa kuwa mbuyu huweka maji ndani yake.

Wataalamu walikuwa wamegombana kabla ya hapo. Wengine walitaka ndovu wapunguzwe kwa risasi kabla hawajaimaliza nchi. David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa Tsavo Mashariki, aliona nchi iachwe ijirekebishe yenyewe. Ugomvi huo umeandikwa sana na sitauingilia. Mimi linalonivuta ni lile ambalo pande zote mbili zililichukulia kuwa limekwisha kuamuliwa: kwamba ndovu ni wa ndani ya mstari. Na ukichimba kisima au bwawa ndani ya mstari, kama lile la Aruba lililojengwa mwaka 1952, unawavuta wanyama wakae mahali ambapo zamani wangepita msimu tu, na miti ya hapo inalipa. Maji peke yake hayaokoi nchi kavu. Yanaokoa yakiwa na malisho yanayofikika na njia iliyo wazi ya kuondokea.

Waliokuwa wakizijua njia hizo kuliko wote ni Wawaata, hawa ambao Wagiriama huwaita Waliangulu. Waliwinda ndovu kwa pinde ndefu ambazo wanaume wengi wa leo wasingeweza kuzivuta, na mishale ya sumu. Pembe zilishuka pwani zikauzwa, hilo halifichiki. Katika miaka ya 1950 serikali iliendesha msako mkubwa, wakakamatwa, wakafungwa. Kisha mwaka 1960 likaanzishwa jambo ambalo watu wachache Malindi wanalikumbuka: mpango wa Galana, mashariki ya mbuga, ambapo Wawaata waliruhusiwa kuwinda idadi maalumu kisheria, nyama na pembe ziuzwe, watu wapate riziki na ndovu wawe na mlinzi mwenye haja nao. Haukudumu. Muongo haukuisha kabla ardhi hiyo haijakodishwa kuwa ranchi ya ng'ombe, na Wawaata wakabaki vibarua katika nchi waliyokuwa wakiisoma kwa unyayo.

Sisemi turudi kwenye mishale. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na siamini kuna mwanasiasa atakayethubutu kuligusa hilo. Wenzetu wa Namibia wanakwenda kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2024, ukame ulipowabana, serikali yao ilitangaza kuua wanyamapori 723, wakiwemo ndovu 83, nyama ipewe wenye njaa. Dunia ilipiga kelele. Mimi nilimfikiria mama wa Langobaya na pojo zake, nikanyamaza.

Baada ya Wawaata walikuja wenye bunduki. Hadi kufikia 1988 ndovu wa Tsavo yote na viunga vyake walikuwa wamebaki chini ya 6,000, kutoka makumi ya maelfu. Mwaka 1989 Rais Moi akazichoma tani 12 za pembe, shirika la wanyamapori, KWS, likaundwa, askari wakapewa silaha za maana. Kwa hesabu ya mwaka 2021, Tsavo ilikuwa na karibu ndovu 15,000 kati ya 36,280 wa nchi nzima. Hayo ni mafanikio na aliyefia kazi hiyo astahili heshima. Lakini bunduki ya askari inamzuia jangili. Haimzuii mpima ardhi. Na nchi waliyokuwa wakiitumia ndovu nje ya mstari, ranchi za Galana, Kulalu, Chakama, haikuongezeka walipoongezeka wao. Ilipungua.

Imepungua kwa njia nyingi, na nyingine zilifunguliwa kwa ngoma na utepe. Mradi wa Galana-Kulalu ulizinduliwa mwaka 2014 kwa ahadi ya kumwagilia ekari milioni moja. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000, na hata hilo likakwama kwa miaka. Nani aliuliza ndovu watashukia wapi mtoni, sijui. Kuna mkaa pia, gunia juu ya gunia kando ya barabara, ambao sisi wa mjini ndio tunaounua kisha tunalalamika bahari imechafuka.

Ua wa umeme? Tumeujaribu Arabuko-Sokoke. Msitu ule ni kilomita za mraba 420 hivi, na ndovu wake wamezungushiwa waya. Majirani wa Gede wanalala usingizi, hilo ni kweli, na sitamwambia mkulima wa Gede aung'oe. Ila ndovu wale wamekatika na Tsavo. Msitu wenye mvua ya pwani unaweza kuwalisha waliomo. Ukiweka waya kama huo kuanzia Sala kuteremka, unazirudisha 1970 na 1971 kwa mikono yako.

Nyuki ni wazo zuri zaidi. Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamening'iniza mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye ndovu anawaogopa nyuki kuliko sisi tunavyodhani. Kwa miaka ya mvua nzuri, mingi ya misafara inayokaribia ua hugeuka. Lakini ukame wa 2017 ulipopiga, maua yalikosa, mizinga mingi ikabaki mitupu na asali ikashuka kwa muda mrefu baadaye. Mwaka ambao ndovu ana shida zaidi ndio mwaka ambao nyuki hayupo. Nchi kavu ina tabia hiyo ya kukunyang'anya silaha siku ya vita.

Kwa hiyo narudi kwenye njia, na kwenye pesa.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema aliyeuawa na mnyama, familia yake ilipwe shilingi milioni 5. Aliyepata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Mazao yanakadiriwa. Nambari hizo zinasomeka vizuri bungeni, na madai yaliyorundikana yamewahi kufika mabilioni. Lakini hata kama zingelipwa kesho asubuhi zote, hebu tazama tunachonunua. Tunalipa mtu akishakufa. Fidia ni rambirambi: inakuja baada ya matanga, na haimpi aliye hai sababu yoyote ya kuiacha njia wazi. Tena inamlipa aliyelima juu ya njia, na yule jirani aliyejizuia asilime hapati kitu.

Mimi nasema tulipe kodi, kama mpangaji anavyomlipa mwenye nyumba. Mwenye shamba kwenye njia ya kwenda mtoni alipwe kila mwaka, kabla ya ndovu kupita, kwa sharti moja: asiweke ua, asikate miti, asilime ule ukanda. Afuge akitaka. Ng'ombe na ndovu wamepishana kisimani tangu enzi. Kisichoweza kupishana na ndovu ni mahindi.

Hili halikuanzia kichwani mwangu. Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi, walianza mwaka 2000 kuwalipa wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili waache ardhi bila ua, na malipo yakapangwa yaangukie wakati wa karo. Mtu anayejua shida za nyumba ndiye aliyepanga tarehe hizo. Mpango ulielemewa, kwa sababu pesa zilitoka kwa wafadhili na ardhi ya Kitengela ilikuwa inapanda bei kila Nairobi ilipojinyoosha; dola 4 hazikuweza kushindana na ploti. Chakama haiko mlangoni mwa Nairobi. Ardhi yake bado ni ya bei ya chini, na hapo ndipo hesabu inaponipendeza: kwa shilingi 500 kwa ekari, zile milioni 5 za maiti mmoja zinakodi ekari 10,000 kwa mwaka mzima.

Najua swali linalokuja, na ni zito kuliko la pesa. Alipwe nani? Pwani yetu ni nchi ya maskwota. Mama yule hana hati. Ranchi nyingi za huko zina wenye hisa walioko mbali na kesi zisizokwisha, na siku kodi ya njia ya ndovu ikitangazwa, wa kwanza kufika benki atakuwa bwana mwenye suti ambaye hajawahi kukanyaga Langobaya. Tumeyaona. Na hata pale ardhi inapokuwa ya jamii, mikutano inaweza kuwa ya karatasi: Januari 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii huko Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria, kesi ikiwa imepelekwa na wenyeji wenyewe. Anayetaka kuleta mfumo kama huo Kilifi aisome hukumu hiyo kabla ya kuagiza mabati ya ofisi.

Jibu langu si safi, lakini ndilo ninalo: kodi imfuate anayeishi na njia, awe na hati au hana. Orodha isomwe barazani, majina kwa sauti, mbele ya majirani, kwa sababu jirani anajua nani analala pale na nani anakuja na gari. Na Waorma na wengine wanaoshuka na ng'ombe na ngamia wakati wa kiangazi wawemo katika mazungumzo tangu siku ya kwanza, waandikiwe zamu ya malisho na zamu ya mto. Sasa hivi wanaingia mbugani usiku kama wezi, wanakamatwa, wanatozwa faini, wanarudi. Mwaka 2022, ukame ulipoua ndovu 205 na nyumbu 512 nchini ndani ya miezi tisa, mifugo nao walikufa chungu nzima, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mstari uleule.

Pesa zitoke wapi? Utalii peke yake usitegemewe. Mwaka 2020 utalii ulipofungwa kwa korona, kila aliyekuwa amejenga uhifadhi juu ya kitanda cha mgeni alijua maana ya kiangazi. Taita Taveta, ambao zaidi ya nusu ya kaunti yao imo ndani ya Tsavo, wamedai mgao wa ada kwa miaka na wanastahili kusikilizwa. Lakini mimi ningeanza na mfereji. Senti chache kwa kila mita ya ujazo ya maji ya Baricho, zilipwe na Malindi, Kilifi na Mombasa, zirudi juu ya mto kwa wale wanaoacha miti imesimama na udongo umelala. Hoteli zenye mabwawa ya kuogelea zitoe zaidi. Watalalamika, kisha watalipa, kama wanavyolipa magari ya maji wakati bomba likikauka.

Muda ndio sina hakika nao. Nilipokuwa narudi kutoka kwa yule mama nilisimamisha bodaboda chini ya mbuyu mkubwa ulioko kando ya njia, kulia ukija Malindi. Una makovu ya pembe mpaka juu kuliko mkono wangu unavyofika, ya zamani, yamefunga na kuwa laini kama ngozi. Juu ya kovu kubwa kuliko yote mtu amepaka rangi nyeupe, bado mbichi: ARDHI INAUZWA EKARI 40, na nambari ya simu. Kijana wa bodaboda alitoa simu yake akaipiga picha.